Mfumo Umezaa: Orodha ya Wakulima Iliyojirudia Mara Tatu

Simu iliita saa mbili asubuhi, siku ya kugawa salfa. Katibu wa chama hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo. "Marahaba. Kijana wangu, huu mfumo wako umezaa." Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi, na sauti ya mama mmoja ikipanda juu ya zote: jina lake limesomwa mara tatu, yeye ni mmoja, sasa hao wawili ni akina nani?

Aliyewahi kukaa karibu na chama cha msingi cha korosho anajua kwamba swali hilo halina mzaha. Salfa ndiyo inayokinga maua ya mkorosho na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Ikichelewa au ikipungua, mkulima anajua mapema kwamba mnadani atapeleka kidogo. Salfa ya ruzuku hugawiwa kwa orodha. Jina likijirudia, mfuko nao umejirudia, na mfuko wa ziada hauwezi kukosa mtu aliyeupigia hesabu. Kabla sijafungua kompyuta, neno "wakulima hewa" lilikuwa limeshatamkwa na macho yameshamgeukia karani.

Karani hakuwa na kosa, naye ndiye aliyelala siku mbili bila usingizi. Aliyekosea ni mimi niliyeuandika mfumo, na nilikosea mara mbili. Kosa la pili, lile nililolifanya nikidhani ninarekebisha la kwanza, lilikuwa baya zaidi.

Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo. Ukurasa mmoja wa wavuti, sehemu ya kuchagua faili la CSV (orodha iliyohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa alama ya mkato), kitufe kimeandikwa "Pakia". Ukibonyeza, programu inasoma faili mstari kwa mstari, inaingiza kila mkulima kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kisha inamtumia meseji ya kumkaribisha. Nilijivunia sana ile meseji.

Asubuhi ile nilikuta rekodi 1,839 kwenye jedwali la wakulima. Chama kina wanachama 615. Namba kama hiyo haiji kwa bahati mbaya, inasimulia yenyewe ukiipasua: 612, tena 612, halafu 615. Faili moja lilipakiwa mara mbili, kisha likaja faili linalofanana nalo likiwa na watu watatu wa ziada. Nikafungua kumbukumbu za seva, na hadithi yote ilikuwa pale.

Ombi la kwanza lilifika saa 12:41 jioni. Mbele ya programu yangu kuna Nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapitisha kwa yangu, ambayo isipoelekezwa vinginevyo husubiri jibu kwa sekunde 60. Kazi yangu ilihitaji kama sekunde 97, kwa sababu kila mkulima alisubiri meseji yake iondoke kwanza ndipo wa pili aguswe. Sekunde ya 60 ilipofika, Nginx ikakata tamaa na kumwonyesha karani ukurasa mweupe wenye kosa namba 504. Programu nyuma haikujua kwamba msubiri jibu ameshaondoka. Ikaendelea hadi mkulima wa 612, ikafunga kazi vizuri, ikajibu "tayari" kwa mtu ambaye hayupo.

Karani alikuwa ameambiwa hapana wakati jibu lilikuwa ndiyo, ila bado linakuja. Akafanya ambalo ningelifanya mimi na wewe. Alibonyeza tena. Sekunde 60, kosa 504. Akafunga ofisi akaenda nyumbani.

Wakulima wengi walipata meseji mbili za kukaribishwa usiku ule. Hakuna aliyeuliza. Meseji kuja mara mbili ni jambo la kawaida, watu husema tu "mtandao".

Asubuhi yake mwenyekiti alileta majina ya wanachama watatu wapya. Karani akafungua mfumo, akaona ukurasa wa kwanza wa orodha umejaa majina, akaelewa kwamba kumbe jana yaliingia. (Orodha ilipangwa kwa mfuatano wa kuingia, majina 50 kila ukurasa. Pacha wao walikuwa kurasa za mbele zaidi.) Akaongeza watatu chini ya faili lake la Excel, akasahihisha majina machache yaliyokosewa herufi, akapakia faili zima. 504 tena. Lakini safari hii hakubonyeza mara ya pili, maana alikwishajifunza kwamba 504 maana yake imeingia. Mpaka leo nikikumbuka hilo nacheka peke yangu. Nilimfundisha mtumiaji wangu kwamba kosa ni dalili ya mafanikio.

Hiyo mara ya tatu ndiyo iliyonifikirisha kuliko zote, kwa sababu mtandao hauhusiki hapo hata kidogo. Nilipomuuliza kwa nini alipakia faili zima badala ya wale watatu, alinishangaa. "Kaka, si ndiyo orodha? Nikileta orodha mpya, ya zamani inaondoka." Kwake faili ni daftari: daftari jipya likija, la zamani linawekwa kabatini. Kwangu faili lilikuwa kapu la vitu vipya, na kila kilichomo kinamwagwa juu ya vilivyopo. Kitufe kimoja, neno moja "Pakia", maana mbili, na hakuna siku tuliyokaa tukaulizana. Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu ya kupokea data, swali la kwanza lingekuwa hilo: mtu akileta faili, analeta nyongeza au analeta hali ilivyo leo?

Siku ile salfa iligawiwa kwa leja ya karatasi, mambo yakaisha jioni. Usiku nikakaa kurekebisha.

Nilichofanya kilionekana cha busara. Kila Mtanzania aliyesajiliwa ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na hakuna wawili wenye namba moja. Basi nikaifanya safu ya NIDA iwe ya pekee kwenye jedwali, nikatumia amri ya ON CONFLICT, ambayo PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016: mkulima akija na namba ambayo ipo, usimwingize upya, sahihisha taarifa zake. Nikafuta jedwali zima, nikaomba faili la karani, nikapakia. Nikapakia tena kwa makusudi kujaribu. Idadi haikuongezeka hata mmoja. Nikalala.

Asubuhi simu tena. "Sasa umeua."

Walikuwa 571. Wakulima 44 hawapo. Na waliopo hawakuwa salama wote: mama mmoja wa kijiji cha juu alikuwa na ekari za jirani yake na simu ya jirani yake, kwa sababu jirani aliingia baada yake na "kumsahihisha".

Nikafungua faili kwa kihariri cha maandishi ya kawaida, si kwa Excel, na nikaona kwenye safu ya NIDA kitu hiki, mstari baada ya mstari: 1.96501E+19.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu mtego huu upo katika kila ofisi ya Tanzania inayotunza orodha ya watu kwa Excel. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka, tano zinazofuata ni za eneo, tano nyingine ni za mfuatano, mbili ni za mwisho. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni namba ya kuhesabia, na namba ya kuhesabia hubaki na tarakimu 15 tu za kweli. Zilizobaki zinakuwa sifuri. Ukikata namba ya NIDA kwenye tarakimu ya 15 unabaki na tarehe, eneo na tarakimu mbili za mfuatano, ambazo mara nyingi ni sifuri sifuri. Maana yake waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wameshakuwa mtu mmoja.

Na hapo bado hujahifadhi kama CSV. CSV hubeba kile kinachoonekana kwenye seli, na kwa namba ndefu hivyo Excel huonyesha tarakimu sita tu, halafu ile E. Tarakimu sita za mwanzo za NIDA ni mwaka na mwezi. Kwa hiyo kila aliyezaliwa Januari 1965, awe wa bondeni au wa mlimani, mwanamume au mwanamke, alikuja kwangu na kitambulisho kimoja. Ukiongeza kwamba wazee wengi wa chama wasioijua tarehe yao waliandikiwa Januari mosi, unaona kwa nini wazee ndio waliopotea zaidi.

Waliopona ni wale ambao karani aliandika namba zao kwa vistari, kama zilivyo kwenye kadi. Kistari kiliifanya Excel ione maandishi, ikaziacha. Sasa fikiria: kama mkulima mmoja angeandikwa leo kwa vistari na kesho bila vistari, mfumo wangu "wa pekee" ungempokea kama watu wawili. Mlango ule ule niliougongelea misumari ulikuwa wazi upande wa pili.

Wengine 17 walipotea kwa njia rahisi zaidi. Chama kilikuwa na wanachama 18 ambao namba zao zilikuwa hazijatoka. Seli zao zilikuwa tupu, na programu yangu ikahifadhi utupu huo kama maandishi yasiyo na herufi. Maandishi matupu yanalingana na maandishi matupu. Wa kwanza akaingia, wa pili akamfuta, wa tatu akamfuta wa pili, hadi akabaki wa 18. Kama ningehifadhi NULL, alama ya hifadhidata ya "haijulikani", PostgreSQL ingewaacha wote, kwa sababu kwake kisichojulikana hakilingani na kingine kisichojulikana. Jambo dogo hilo nililisoma miaka mingi iliyopita na kulisahau.

Nasema la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu hii. Rekodi ikijirudia, inaonekana. Mama anasimama anauliza, watu wanapiga kelele, unarekebisha. Rekodi mbili zikimezana hakuna anayepiga kelele mpaka aliyemezwa aje kudai. Na taarifa zake hazipo tena mahali popote kwenye mfumo. Zile tarakimu tano za mwisho za NIDA huwezi kuzikokotoa. Ilibidi karani akae siku mbili na bahasha za nakala za vitambulisho, akaziandika upya moja moja. Ndiyo maana leo, mtu akiniuliza achague lipi kati ya mfumo unaoruhusu wanaojirudia na mfumo unaounganisha watu kwa kukisia, namwambia bila kusita: wacha wajirudie.

Siku ya tatu nilipanda basi nikaenda chamani. Nikawauliza katibu na karani swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzo: ninyi mnajuaje kwamba huyu ni huyu?

Katibu alivuta leja, akaifungua katikati. Kila mwanachama ana namba yake ya leja tangu siku alipolipa kiingilio na hisa. Akija na korosho, anaitwa kwa jina lakini anaandikwa kwa namba. Chama kilikuwa kimeshatatua tatizo hili kwa kalamu kabla sijazaliwa. Mimi namba ile nilikuwa nimeiweka kwenye fomu kama safu ya hiari, chini kabisa, baada ya "maoni".

Haikuwa safi kama nilivyotamani. Karani aliniambia kwamba mzee akifariki, mwanawe huendelea na namba ile ile. Na zipo kaya ambazo namba ni ya baba na mikorosho ni ya mama. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tulikubaliana kwamba rekodi kwenye mfumo haimwakilishi mtu. Inawakilisha uanachama, na uanachama una mwenyewe wa sasa na wenyewe waliopita. Namba ya leja ikawa ufunguo. NIDA ikabaki kuwa kinga ya pili: huhifadhiwa kama maandishi, vistari vinaondolewa, isiyo na tarakimu 20 kamili inakataliwa, na nane za mwanzo lazima zilingane na safu ya tarehe ya kuzaliwa. Tupu ni NULL.

Simu tuliikataa kuwa ufunguo bila mjadala mrefu. Namba moja inaweza kuandikwa kwa 0, kwa 255, kwa +255, au bila sifuri kwa sababu Excel imeila, na hayo yote yanarekebishika. Kisichorekebishika ni kwamba simu moja inabeba nyumba nzima, na laini ya bibi ni ya mjukuu. Majina nayo ni hivyo hivyo. Mohamedi, Mohammed, Muhamadi. Selemani na Suleiman. Leo majina mawili, kesho matatu, keshokutwa la ukoo limetangulia. Jina linafaa kumwambia binadamu "tazama hapa". Halifai kuamua.

Upande wa ufundi, mwenzangu mmoja alinishauri niongeze sharti moja tu: kabla ya kuingiza, tafuta kama yupo. Ushauri mzuri, lakini usingeniokoa jioni ile. Ombi la pili lilianza la kwanza likiwa halijaisha. Nilikuwa nimeifunga kazi yote ndani ya muamala mmoja, yaani fungu la kazi ambalo hifadhidata hulikubali lote au hulikataa lote, na kilichomo ndani ya muamala ambao haujafungwa hakionekani na mwingine. Ombi la pili lingetafuta, lisione mtu, liingize. Namba za rekodi zenyewe zilinionyesha: katikati ya orodha zilikuwa zimepishana, moja ya ombi la kwanza, moja ya la pili, kama watu wanaopita mlango mmoja kwa kupokezana. Upekee lazima ulindwe na hifadhidata yenyewe. Programu ikiangalia kwanza inasaidia kutoa ujumbe mzuri, basi.

Kisha nikaufumua ukurasa wa kupakia. Sasa faili likifika, seva inalipokea na kujibu hapo hapo "limefika, linasomwa". Kazi inafanyika nyuma, na karani anaona imefikia mstari wa ngapi. Hakuna tena sekunde 60 za kuombea. Kila ukurasa wa kupakia ukifunguliwa hupewa tiketi yake, na faili huja na tiketi hiyo. Ombi la pili lenye tiketi ile ile halifanyi kazi upya, linapewa jibu la lile la kwanza. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa nilikuweka pia, ila hilo ni pambo. Mtu akionyesha upya ukurasa, kitufe kimewaka tena.

Nikaongeza alama ya kidole ya faili, kwa SHA-256, hesabu inayolifupisha faili zima kuwa alama moja. Faili lile lile likija kesho, mfumo unasema lilipakiwa lini na nani, na unauliza kama una uhakika. Inazuia kitu kimoja tu, faili lisilobadilika hata nukta. Lile la tatu, lenye watu watatu wa ziada, lingepita likipunga mkono.

Kwa hilo la tatu kuna jedwali la kusubiria. Hakuna mstari unaoingia moja kwa moja kwenye orodha ya wanachama. Unakaa pembeni kwanza, unalinganishwa kwa namba ya leja, na karani anaonyeshwa: hawa wapo na hawajabadilika, hawa wamebadilika (cha zamani kushoto, kipya kulia), hawa ni wapya, hawa wanafanana na mtu aliyepo, amua. Waliopo kwenye mfumo lakini hawamo kwenye faili wanatajwa pia, bila kufutwa. Hapo ndipo maana zetu mbili za "Pakia" zilipokutana: alete nyongeza au alete daftari zima, matokeo ni yale yale. Akithibitisha, yote yanaingia kwa pamoja au hakuna kinachoingia. Meseji zinatumwa baada ya hapo, kutoka kwenye foleni yake, na uanachama mmoja haukaribishwi mara mbili. Hifadhidata unaweza kuirudisha nyuma, lakini meseji iliyofika kwenye simu ya mtu hairudi.

CSV niliiachisha kazi. Karani anapakua kiolezo cha Excel ambacho safu za NIDA, simu na namba ya leja zimeshawekwa kuwa maandishi, analijaza, na mfumo unalisoma hivyo hivyo.

Bahati tuliyokuwa nayo ni msimu. Haya yalitokea wakati wa salfa, hakuna kilo moja ya korosho iliyokuwa imepokelewa, ndiyo maana niliweza kufuta jedwali na kuanza upya. Yangetokea Oktoba, stakabadhi za korosho zilizopokelewa zikiwa zimeshafungwa kwenye rekodi tatu tofauti za mkulima mmoja, kufuta kungewatenganisha watu na mzigo wao. Ingebidi kuchagua rekodi moja ibaki, kuhamishia stakabadhi zote huko, na zile nyingine kuziacha na alama kwamba zimehamia wapi, ili mtu akija na karatasi yenye namba ya zamani apatikane.

Msimu uliofuata karani alipakia orodha nikiwa nimekaa pembeni yake. Wapya walikuwa wachache. Chini kabisa, kwenye fungu la "wanafanana, amua", mfumo ulikuwa umeweka majina mawili: tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja, simu moja, jina la baba na la babu yale yale. Wa kwanza Hasani, wa pili Huseini.

Katibu aliinama kwenye kioo, akavua miwani. "Hawa hata mama yao huwachanganya," alisema. Karani akabonyeza "Ni watu wawili" na kushuka mstari wa chini.